Jina la Chini Kabisa

Hebu niambie, wewe unayesikiliza: umewahi kumwona mwanamume mzima, mabega mapana kama mlango wa kanisa, ameng'ang'ania ngazi ya bwawa kama mtoto aliyeshika sketi ya mama yake, na maji yenyewe hayajamfika hata kifuani? Kama hujamwona, basi hukuwahi kukutana na Veit Kranzfelder.

Lakini tusikimbilie maji. Kabla ya maji ulikuja upepo.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tisa, soko kuu la Augsburg, mji wa kusini mwa Ujerumani, msimu wa plamu. Msimu huo mji mzima hunukia sukari na mdalasini, kwa sababu kila nyumba inaoka Datschi, ile keki bapa ya sinia, plamu zimepangwa juu yake kama vigae vya paa. Veit alikuwa ametoka kununua plamu zake, kikapu mkononi, suruali ya kodrai iliyochakaa magotini, koti lenye vifungo vya pembe. Kucha zake zilikuwa na weusi usiotoka kwa sabuni, weusi wa madini ya risasi na bati, maana alikuwa fundi wa vinanda vya kanisani, vile vikubwa vyenye mabomba yanayopanda mpaka darini. Umri ulikuwa umekaribia hamsini. Hakuwa na mke, na alizoea kuoka sinia zima la Datschi akalila peke yake mpaka likakauka.

Uchaguzi wa bunge la jimbo la Bavaria ulikuwa umekaribia, kwa hiyo sokoni kila chama kilikuwa na meza yake, na kila meza ilikuwa na maputo, kalamu za bure na mtu wa kutabasamu. Veit aliwapita wote ameinamisha kichwa, kama watu wanavyopita kwa mwombaji. Ndipo upepo ukakunja kona ya jengo la wachinjaji, ukanyakua karatasi moja kubwa kutoka kwenye meza ya mwisho, ukamvika nayo kuanzia kichwani mpaka kiunoni.

"Bwana, tafadhali! Usitembee, utaichana!"

"Sitembei, mama," Veit alijibu kutoka ndani. "Sioni hata ninakokwenda."

Akasikia kicheko. Kilikuwa kicheko kinene, kisichoomba radhi, kicheko cha mtu aliyezoea kupaza sauti kwenye kumbi zenye mwangwi. Mikono ikamfunua taratibu, naye akamwona mwanamke wa rika lake, nywele fupi bado zina unyevu, gauni la kijani kama ukoga wa mawe, viatu vya raba, na shingoni, badala ya mkufu, filimbi.

"Umejifunika mkoa mzima wa Swabia," alisema yule mama.

"Ndiyo maana ni nzito. Ni nini hii, kitambaa cha meza?"

"Karatasi ya kura. Huu ni mfano tu, lakini ile yenyewe ukubwa ni huu huu."

Veit aliitazama, na hata plamu alizisahau. Safu kwa safu za majina: wahunzi, wakulima, wauguzi, mawakili, mama wa nyumbani. Jina kwa jina, kila mmoja na kazi yake na kijiji chake, kama waumini wote wa mkoa waliosimama kwa mistari wakingoja kuimba.

"Wote hawa wanataka kwenda bungeni?"

"Wengine wanataka. Wengine tumejaza nafasi."

"Tumejaza? Kumbe na wewe umo?"

Alimwonyesha. Kidole cha Veit kilishuka safu ya chama cha yule mama, kikashuka, kikashuka, mpaka akalazimika kupiga goti mbele ya watu. Pale chini kabisa, mahali karatasi inapokunjwa, paliandikwa: Demharter, Afra, mwalimu wa kuogelea.

"Ulifanya kosa gani wakakuweka huku?"

"Kosa la kukubali," Afra alicheka. "Walikuwa wanatafuta jina moja orodha ijae. Nikasema sawa, ili angalau mtu mmoja kwenye karatasi awe anajua habari za mabwawa ya vijijini yanayofungwa, na watoto wanaokua hawajui kuogelea. Lakini niwekeni mwisho. Huku hakuna hatari. Huwezi kuzama ukiwa tayari uko chini."

"Mimi nazama hata kwenye beseni."

Afra aliacha kukunja karatasi. Akamtazama kama daktari aliyesikia kikohozi. "Huwezi kuogelea? Mtu mzima, na mabega hayo?"

"Na mwezi wa kumi na moja nahamia Stralsund, kule pwani ya kaskazini, kutengeneza kinanda cha kanisa moja kubwa. Miaka mitatu. Mji wenyewe umezungukwa na maji."

"Basi njoo Jumatatu kwenye bwawa la zamani. Lete taulo. Aibu iache nyumbani."

Veit akaenda zake. Alipofika kwenye tramu ndipo akagundua kikapu cha plamu amekiacha chini ya meza ya chama.

*

Bwawa la zamani la Augsburg si bwawa la kuingia na kutoka. Ukiingia unanyamaza mwenyewe. Kuta zimevaa vigae vya kijani kibichi, vya zamani, vilivyong'aa kama mgongo wa kobe, na juu kuna kuba lenye kioo linalomimina mwanga wa kimaziwa juu ya maji. Veit, aliyeishi makanisani maisha yake yote, alisimama na taulo yake begani akatazama juu.

"Bwana, ni tiketi, si sadaka," alisema mama wa dirishani. Huyo ndiye Kreszenz, aliyeitwa Zenta na mji mzima, mwenye miwani ya kamba na ulimi usiolala. "Ah! Ndiye wewe mwenye plamu? Mwalimu amekwisha kuziokea keki. Zilikuwa tamu. Pole."

Afra alikuwa na desturi moja. Hakuna mwanafunzi wake, mdogo wala mkubwa, aliyeruhusiwa kuachia ngazi kabla hajasema kwa sauti anachotaka. Si anachoogopa. Anachotaka.

"Naogopa," Veit alisema, meno yakigongana.

"Hilo naliona. Sikukuuliza hilo. Unataka nini?"

"Kutoka."

Wanafunzi wengine, akina mama wawili na mzee mmoja mstaafu wa posta, waliangua kicheko.

"Sema vizuri. Mwili hauwezi kufuata jambo ambalo mdomo umelificha. Unataka nini, Veit?"

Alitazama huku na huku. "Nataka kukushika mkono."

Zenta, aliyekuwa amechungulia mlangoni, alisikika akisema, "Yesu na Maria." Masikio ya Afra yakawa mekundu, lakini mkono akautoa. "Haya. Achia ngazi."

Akaachia. Maji yakampokea. Kwa pumzi moja, au mbili, yule mtu mzito aliyebeba mabomba ya risasi maisha yake yote hakuwa na uzito wowote, alikuwa amelala juu ya maji akitazama kuba, na chini ya mgongo wake palikuwa na kiganja kimoja tu cha mwanamke. Alitaka kusema kitu. Machozi ndiyo yaliyosema, na bwawani nani atayajua.

Kuanzia hapo simu zikaanza.

"Umekula, mwalimu?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula mkate na jibini, natazama bomba moja linalokataa kulia sauti yake."

"Liulize linataka nini."

"Nimeliuliza. Limesema linataka Datschi ya Afra."

"Mwongo wewe! Shomoro wangu mwongo." Huko Bavaria ndivyo wanavyowaita wapenzi wao, shomoro, hata kama shomoro mwenyewe ana kilo mia.

Wakaanza kutembea pamoja kando ya mifereji ya mji wa chini, wakala maandazi yanayokaangwa Oktoba, wakacheka chini ya mabango ya uchaguzi yaliyofungwa kwenye nguzo za taa. Sura ya Daktari Gebhard Schorer, daktari wa macho aliyewekwa wa kwanza kwenye orodha ya chama cha Afra, ilikuwa kila mahali, na tai yake ya hariri. Sura ya Afra haikuwa popote.

"Wangekubandika hata kwenye pipa moja," Veit alimtania.

"Mimi ni wa mwisho. Wa mwisho habandikwi."

Ndipo siku moja, mezani kwake, sinia la Datschi katikati na malai pembeni, Veit akasema bila kumtazama: "Stralsund nao wana mabwawa, nimeulizia. Na bahari ya kujazia."

Afra alimwaga malai juu ya plamu, polepole, mpaka zikafichika. "Nitakuja nawe," alisema. "Uchaguzi ukipita hakuna kinachonizuia."

Veit alifurahi mpaka akamkumbatia na kisu mkononi. Usiku huo tu, kitandani, ndipo alipokumbuka jambo dogo: mwalimu hakusema *nataka*. Alisema hakuna kinachonizuia. Lakini furaha ina mto laini. Akageuka upande wa pili akalala.

*

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo mambo yalipogeuka. Katika uchaguzi ule, viti hugawiwa vyama kwa uwiano wa kura: chama chenye kura nyingi hupata viti vingi, chenye kura chache hupata vichache. Lakini ni nani atakayekalia kiti, hilo chama hakiamui peke yake. Chama hupanga majina kwa mstari, mpiga kura naye ana kalamu. Ile alama yake moja kwenye karatasi kubwa anaweza kuitia kwenye jina lolote la mstari, la juu, la kati, au la chini kabisa. Mwenye alama nyingi ndiye aendaye bungeni, Munich. Wenye vyama wanalijua hilo, na kila mara wanalisahau.

Jumapili ya kura Veit alikwenda kituoni kwake, shule ya msingi yenye michoro ya vyura ukutani. Alikuwa amepiga kura mara nyingi maishani, jinsi mtu anavyonunua stempu. Siku hiyo alitazama. Wazee walikuja wamevaa makoti ya kanisani. Kijana mwenye pete puani alimfungulia mlango bibi wa fimbo. Hakuna aliyepaza sauti. Kila mtu alipewa ile shuka ya karatasi, akaingia nayo nyuma ya kizuizi cha mbao, na kwa dakika nzima kilichosikika ni karatasi tu zikifunguliwa, shaa, shaa, kama majani ya msitu. Veit aliifungua yake. Akashuka mpaka mkunjo wa chini. Mkono uliozoea kuchonga mdomo wa bomba usikosee hata kwa unywele ukalitafuta jina la Afra kwa uangalifu ule ule. Akatia alama yake, akaikunja, akaitumbukiza, akatoka nje kama mtu aliyetoka kupokea komunyo.

"Umenipigia?" Afra alimwuliza kwenye simu.

"Kura ni siri, mwalimu."

"Shomoro wewe! Alama yako moja itakuwa peke yake pale chini, masikini. Itaona baridi."

Jioni matokeo ya vyama yakatoka. Chama cha Afra kilipata kiti kimoja katika Swabia yote. Kwenye hoteli ya bia walimopanga kukutana, Daktari Schorer alipanda juu ya kiti, akashukuru, akafuta miwani, na watu wakampigia meza kwa ngumi kama desturi ilivyo. Alikuwa amegombea mara tatu akakosa mara tatu. Afra alimpigia meza kwa nguvu kuliko wote.

Lakini majina hayahesabiwi haraka. Lazima kila shuka ifunguliwe, isomwe, moja moja. Jumatatu mchana Afra akiwa majini na watoto wa darasa la tatu, Zenta alikuja mpaka ukingoni na viatu vyake vya nje, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu aanze kazi, simu mkononi.

"Afra. Kaufbeuren wamemaliza. Umempita Schorer kule."

"Wamekosea safu."

"Na Donauwörth. Na vijiji vya mtoni vyote." Zenta alivua miwani. "Mwanangu, wamekuwa wakisoma kutoka chini."

Saa hiyo hiyo Veit alikuwa karakanani kwake, akipanga zana kwenye masanduku ya safari, simu ikalia. Alikuwa Daktari Schorer.

"Bwana Kranzfelder? Samahani kukusumbua. Tuseme kama wanaume. Mambo yanakwenda vibaya, au vizuri, sijui nisemeje. Huenda Bibi Demharter akachaguliwa. Lakini mimi nasikia mnahama."

"Tunahama mwezi ujao," Veit alisema. Alikuwa na patasi mkononi na akili yake iko kwenye masanduku. "Hilo lilishaamuliwa."

"Nashukuru. Nilitaka kulisikia kwako tu."

Ni baada ya kukata simu ndipo Veit aliposikia maneno yake mwenyewe. Akasimama. Patasi ikaanguka. Alikuwa hajaketi simu ikalia tena.

"Veit." Sauti ya Afra ilikuwa tambarare kama maji kabla ya mtu kuruka. "Schorer amenipigia kunipongeza kwa uungwana wangu. Amesema nakikataa kiti. Amesema wewe umemwambia."

"Sikumwambia hivyo! Nilimwambia tunahama."

"Ulimwambia *lilishaamuliwa*."

"Si ulisema mwenyewe? Mezani, juu ya Datschi! Nimesema lililo kweli."

"Kweli ya nani? Umenijibia, Veit. Mtu kaniuliza swali, wewe ukajibu."

"Hakukuuliza wewe, aliniuliza mimi!"

"Ndiyo! Na wewe ulipaswa kusema, 'Muulize mwenyewe'!"

Veit alikuwa amechoka, na alikuwa na hofu, na hofu ya mwanamume mara nyingi huvaa koti la hasira. "Basi baki," alisema. "Nani kakulazimisha? Baki na kiti chako!"

Upande wa pili kelele za watoto bwawani zilisikika nyuma ya Afra, kwa mbali, kama ndege.

"Kumbe," Afra alisema. "Nilidhani unanitaka." Akakata.

*

Matokeo yakatangazwa. Demharter, Afra, jina la mwisho la orodha, ndiye mwenye kiti. Gazeti la mji likamweka ukurasa wa kwanza, na kwa kuwa hakuwa na bango, wakaweka picha yake ya zamani akiwa na filimbi mdomoni. Alipewa siku chache za kusema kama anakipokea au anakikataa. Akikataa, kinamwendea anayemfuata, Daktari Schorer. Kila aliyemwuliza alimjibu, "Tutaona." Simu za Veit hakupokea.

Veit alikwenda sokoni, si kununua kitu, bali kwa sababu miguu ilimpeleka pale upepo ulipomvika karatasi. Muuza samaki alikuwa akimwambia mteja, huku anaparua magamba:

"Mimi? Mimi niliigeuza karatasi juu chini. Nikasema, acha nione nani yuko mkiani. Namwona Afra! Mwanangu alikuwa hawezi hata kuoga kichwa, leo anaruka kwenye ziwa kama chura. Nikamtilia alama. Nikajisemea, masikini, angalau apate moja."

"Hata mimi nilisema hivyo hivyo!" alisema mteja, mwanamke wa sare ya uuguzi. "Angalau apate moja asione aibu. Mimi alinifundisha mwenyewe, baada ya mume wangu kufa, nilipokuwa siwezi kutoka nyumbani."

"Na mimi," alisema mzee wa maboga kutoka meza ya pili, bila kuinua kichwa.

Veit alisimama katikati ya soko na mikono mitupu. Kila mmoja alikuwa amekwenda nyuma ya kile kizuizi peke yake. Hakuna aliyemwambia mwenziwe. Kila mmoja alidhani alama yake ndiyo moja pekee, akaituma kule chini kama sarafu iliyotupwa kisimani. Yeye amefanya kazi ya vinanda miaka yote hiyo. Anajua kinanda kina maelfu ya mabomba, mengine makubwa kama mnara, mengine madogo kuliko kalamu, na kila bomba lina pumzi yake kidogo tu, haliwezi kusikia bomba jirani. Lakini ukizifungua pumzi zote pamoja, kanisa hutetemeka mpaka mawe ya msingi. Hakuwahi kusikia kinanda kikubwa kama hiki. Na yeye, fundi, ndiye aliyetaka kukifunga kwenye sanduku akapande nacho treni.

"Wewe bwana," muuza samaki alimwambia, "unataka nini?"

Veit alimtazama kama aliyeamshwa. "Asante," alisema. "Hilo ndilo swali." Akaondoka mbio.

*

"Darasa limeanza," Zenta alisema dirishani, hakumtazama. "Na waliowaambia walimu wetu wabaki na viti vyao wanalipa maradufu."

"Nitalipa mara tatu, Bibi Zenta. Nifungulie."

Zenta alimtazama hapo, juu ya miwani. "Nilimwambia juzi, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akanijibu 'tutaona'. Mwanamke aliyewaambia watu elfu waseme wanachotaka, yeye mwenyewe hajawahi kusema hata anataka chai au kahawa." Akagonga tiketi. "Nenda. Usiteleze."

Mwanga wa kuba ulikuwa mweupe juu ya maji. Afra alisimama ukingoni upande wa kina, suti yake nyeusi ya kuogelea, joho la taulo mabegani, amekonda kidogo usoni. Wale akina mama wawili na mzee wa posta walikuwa majini wameshika chuma cha ukingoni kwa mstari. Walipomwona Veit akija na kaptura yake ya maua, wote wakasahau kupiga miguu.

"Umechelewa," Afra alisema.

"Nimechelewa sana," Veit alikubali. Hakushuka kwa ngazi ya watoto. Alikwenda mpaka ngazi ya kina, mahali ambapo hajawahi kuweka hata kidole, akashuka mpaka maji yakamfika kidevuni na miguu ikakosa sakafu. Mikono yake ilikuwa myeupe kwenye chuma.

"Veit, huko hujafika bado. Toka."

"Sikusema naogopa. Niulize, mwalimu. Niulize kama unavyouliza watu."

Maji yalikuwa yakigonga vigae, pwa, pwa. "Unataka nini?" alisema Afra, na sauti haikuwa ya mwalimu.

"Nataka kufika ulipo. Kwa miguu yangu na mikono yangu, bila kukujibia neno."

Akaachia.

Hakika hakuogelea vizuri. Aliogelea kama sanduku lenye nia. Alimeza maji, alipotea chini, akatokea, akapiga, akapotea tena, na Afra alikuwa amekwisha kulitupa joho lake tayari kuruka, akazuiwa na mzee wa posta aliyesema kwa upole, "Mwache, mwalimu. Amesema mwenyewe." Na kweli mkono ulitoka majini, mkono wa kucha nyeusi, ukashika ukingo karibu na vidole vya miguu vya Afra. Wale akina mama wakapiga makofi, mwangwi ukapanda kubani, ukarudi kama mvua.

Veit alikohoa mpaka akapata pumzi. Hakutoka majini. Aliinua uso.

"Nilikosa, Afra. Schorer aliniuliza habari zako nikamjibu, kwa kuwa nilitamani jibu liwe hilo. Halafu nikakwambia baki, kwa hasira, nawe ukadhani sikutaki. Nakutaka mpaka nimeingia kwenye maji haya. Lakini sokoni leo nimesikia watu... Afra, kila mmoja alidhani yuko peke yake! Kila mmoja. Sijawahi kuona jambo kubwa kama hilo, na nimeona makanisa." Akafuta macho, maji juu ya maji. "Sasa sikwambii uende, sikwambii ubaki. Nakuuliza tu. Hakuna aliyekuuliza. Walikwambia wanahitaji jina, ukatoa jina. Mimi nilikwambia kuna mabwawa Stralsund, ukasema hakuna kinachonizuia. Unataka nini?"

"Tutaona, Veit, mambo ni mengi, Schorer naye masikini amengoja..."

"Sikukuuliza Schorer anataka nini."

"Sema vizuri, mwalimu," alisema mama mmoja kutoka kwenye chuma, kwa ile sauti ya Afra mwenyewe, na mwenzake akamalizia: "Mwili hauwezi kufuata jambo ambalo mdomo umelificha!"

Zenta alikuwa amesimama mlangoni. Dirisha la tiketi lilikuwa wazi, watu wanangoja, naye hakujali.

Afra aliketi chini, pale pale ukingoni, miguu majini. Alishika filimbi yake kama mtu anayetafuta kitu cha kushika, kisha akaivua shingoni akaiweka juu ya vigae. Alitazama maji, akatazama kuba, akatazama ule uso mwekundu uliotota uliokuwa ukimngoja bila kumsaidia hata kwa neno moja. Akavuta pumzi kama wavutavyo wale wanaoruka kwa mara ya kwanza.

"Nakitaka," alisema, kwa sauti ndogo. Kisha kuba lote likamsikia. "Nakitaka kile kiti! Nilikitaka tangu waliponiuliza, ndiyo maana nikaomba nafasi ya mwisho, ili nisipokipata asijue mtu. Nataka niende Munich niseme habari za mabwawa mpaka waombe dua ninyamaze. Nawe nataka uende kwenye kinanda chako, na kila Ijumaa treni ikisimama Augsburg nataka ushuke wewe. Na nataka unioe, Veit Kranzfelder, kabla hujapanda hiyo ya kwanza."